Ukuta wa Chaki Katika Chumba cha Mtoto

Katika kota za askari, ukuta mweupe haudumu miezi mitatu ikiwa nyumbani mna mtoto wa miaka minne. Baba ameupaka chokaa kwa ajili ya ukaguzi, mama ameusifu, na kabla weupe wake haujazoeleka machoni mtoto ameokota kipande cha makaa jikoni, akachora tangu mlangoni hadi mguuni pa kitanda: mistari, miviringo, na kiumbe chenye kichwa kikubwa na miguu iliyoota shingoni, ambacho mchoraji mwenyewe akiulizwa husema kuwa ni baba. Hapo hufuata kilio. Ukuta husuguliwa, makaa hufichwa, na wiki ya pili yake msumari hushika kazi ya makaa.

Wazazi wengi huliona jambo hili kuwa ni ukaidi. Walimu wa watoto wadogo hawalioni hivyo. Mtoto wa umri huo amekwisha kugundua kwamba mkono wake waweza kuacha alama inayobaki baada ya yeye kuondoka, na huo ndio mwanzo wa kuandika; herufi huja baadaye sana. Akikatazwa ukutani bila ya kuonyeshwa mahali pengine, haachi kutaka kuandika, ila hujifunza kwamba kuandika ni kosa. Watoto wa namna hiyo hujulikana mara waingiapo darasa la kwanza. Huishika kalamu kama mtu aliyeshika kitu cha wizi, na kabla ya kuweka alama yoyote humtazama mwalimu usoni.

Shauri letu ni jepesi. Kipande kimoja cha ukuta kipakwe rangi ya ubao, kiwe cha mtoto, na kuta nyingine zibaki za serikali.

Isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya majumba makubwa yenye chumba cha kila mtu. Twajua kwamba katika kambi nyingi chumba cha mtoto ni pembe iliyo nyuma ya pazia, penye kitanda cha ghorofa na sanduku la nguo. Pembe hiyo yatosha. Ubao wenye upana wa mita moja na kimo cha mita moja hauchukui nafasi hata kidogo, kwa kuwa hauchukui sakafu, na sakafu ndiyo iliyo adimu katika nyumba zetu.

Wala isidhaniwe kwamba ni mchezo tu. Tarehe 20 Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, na hazikufunguliwa zote pamoja mpaka tarehe 10 Januari 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa na amri hiyo. Madarasa ya mtihani yalirudishwa kwanza, na madarasa ya chini, yaani wale watoto wasioweza kujisomea peke yao, ndiyo yaliyokaa nyumbani muda mrefu kuliko yote. Masomo yalitolewa redioni na katika karatasi zilizogawanywa, lakini redio haimwonyeshi mtoto jinsi herufi b inavyogeuka ikawa d, na karatasi ikishaandikwa imekwisha. Katika nyumba zilizokuwa na ubao wa aina yoyote, hata mlango wa kabati uliopakwa masizi, dada mkubwa aliweza kusimama mbele ya wadogo zake akafundisha. Nyumba isiyokuwa na ubao ilisikiliza redio, kisha watoto wakatoka nje kucheza. Hakuna ajuaye lini mlango wa shule utafungwa tena, iwe kwa maradhi, au kwa mafuriko, au kwa uhamisho wa baba katikati ya muhula, jambo ambalo watoto wa askari wanalijua kuliko watoto wengine wote.

Tena kuna faida ambazo daftari haina. Mtoto wa miaka minne au mitano bado hana nguvu katika vidole; nguvu zake zimo begani na kwenye kiwiko. Akiandika akiwa amesimama mbele ya ukuta, mkono wote hufanya kazi, kifundo cha mkono hukaa katika hali ifaayo, na herufi yenye kimo cha sentimita ishirini humfundisha mwendo ambao baadaye ataupunguza mpaka uingie katika mistari miwili ya daftari. Daftari la kurasa 96 mtoto mdogo hulimaliza kwa wiki moja, na kosa aliloandika Jumatatu bado lamtazama siku ya Ijumaa. Ubaoni kosa huondoka kwa kiganja. Mtoto aliye mwoga wa kukosea hujaribu neno ubaoni mara kumi, neno ambalo daftarini asingelijaribu hata mara moja.

Askari wasomao ukurasa huu huenda wakapenda kujua kwamba ubao mkubwa wa ukutani ulikua pamoja na mafunzo ya kijeshi. Zamani kila mwanafunzi alishika kibao chake kidogo cha jiwe, na mwalimu hakuwa na mahali pa kuwaonyesha wote jambo moja kwa wakati mmoja. Mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa James Pillans, mwalimu wa Edinburgh huko Scotland, alitumia ubao mkubwa kufundishia jiografia. Huko Marekani anatajwa George Baron, aliyefundisha hesabu West Point mwaka 1801, mahali ambapo mwaka uliofuata palianzishwa rasmi chuo cha maofisa wa jeshi la nchi hiyo. Miaka kumi na mitano baadaye alikuja hapo Claudius Crozet, Mfaransa aliyekuwa ofisa katika jeshi la Napoleon, ili kuwafundisha vijana uhandisi. Somo lake lilihitaji michoro ambayo haikuweza kuelezwa kwa maneno, na tena Kiingereza chake kilikuwa kizito. Husimuliwa kwamba alimwomba seremala ampasulie ubao, mpaka rangi akautia weusi, na chaki akaipata kwa mshona nguo. Watu hao watatu, seremala, mpaka rangi na mshona nguo, wamo katika kila kambi mpaka leo.

Na sasa tuingie katika kazi yenyewe, tukianza na idhini. Nyumba ni ya serikali, na kuipaka rangi nyeusi pasipo kuuliza ni kujitafutia maneno siku ya ukaguzi. Mwende kwa ofisa anayehusika na nyumba mmweleze ukubwa wa kipande mnachokusudia, rangi yake, na kwamba siku ya kuhama mtakirudisha katika hali yake ya kwanza. Ombi lenye vipimo hukubaliwa kwa urahisi kuliko ombi la jumla. Likikataliwa, msivunjike moyo, kwa maana ubao wa kutundika, tutakaoueleza punde, hauhitaji idhini ya mtu.

Chagueni ukuta usiotoka jasho. Ukuta wa nje unaopigwa na mvua, au ulioegemea bafu, hutoa unyevu kwa ndani, na rangi yoyote juu yake itafutuka kama ngozi iliyoungua. Njia ya kuujua ni kubandika kipande cha karatasi ya nailoni kwa gundi pande zote nne, kukiacha usiku na mchana, kisha kukitazama kwa nyuma: kikiwa na matone, tafuteni ukuta mwingine. Wakati mzuri wa kazi hii kwa sehemu za Kampala na kandokando ya Ziwa Viktoria ni miezi mikavu, yaani Januari na Februari, au kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Agosti.

Dirisha nalo litazamwe. Ubao usielekeane na dirisha, kwani utang'aa na mtoto hataona alichoandika. Uwe ubavuni, na ikiwezekana nuru itoke kushoto kwa mtoto atumiaye mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisianguke juu ya herufi. Msipake ukuta wote hadi darini. Rangi nyeusi humeza mwanga, na chumba chenye dirisha moja dogo kikipakwa ukuta mzima mweusi hugeuka stoo. Kwa mtoto wa chekechea anzeni sentimita 40 kutoka sakafuni na muishie kwenye mita moja na nusu. Sehemu iliyobaki juu iachwe nyeupe. Kama weusi wauchosha moyo wa mama mwenye nyumba, kijani kizito chafaa vilevile. Shule nyingi duniani ziliacha nyeusi zikachukua kijani kwa kupunguza ukali wa macho.

Ukuta uoshwe kwa maji na sabuni, uachwe ukauke kabisa. Chokaa ya kawaida haishiki rangi. Hapana budi ikwanguliwe mpaka ifikiwe plasta. Mashimo ya misumari yazibwe kwa puti, kisha ukuta wote upigwe msasa laini mpaka kiganja kikipita juu yake kisikwame. Hapa ndipo watu wengi hufanya haraka na kujuta baadaye, maana ukuta wenye chembechembe hula chaki kama jiwe la kunolea na maandishi yake hukatikakatika. Aliye na nafasi apake kwanza rangi ya msingi, ile ya kushikiza, halafu apige msasa tena kidogo. Saa mbili zinazotumika kwenye msasa ni bora kuliko kopo la tatu la rangi.

Lakini kama ukuta tayari una rangi ya mafuta ya miaka mingi, sikilizeni vizuri. Rangi kuukuu, hasa za njano, nyekundu na kijani, aghalabu zilitiwa madini ya risasi ili ziwe na nguvu na zikauke upesi. Askari aijua risasi kwa jina la kitu kitokacho bunduki, na jina ndilo hilo hilo kwa sababu madini ndiyo hayo hayo. Yakiingia mwilini mwa mtoto kwa vumbi au kwa vidole vinavyolambwa, huharibu ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiasi chake kisichodhuru. Kwa hiyo kamwe msipige msasa mkavu juu ya rangi kuukuu. Ulowesheni ukuta, mtumie msasa wa maji, mfagie kwa kitambaa chenye majimaji, na watoto wote wakae kwa jirani mpaka kazi iishe. Katika kununua rangi mpya, chagueni kopo lililoandikwa kwamba halina risasi. Rangi inayopimwa kwa kikombe kutoka pipa lisilo na jina, hata ikiwa rahisi namna gani, isiingie chumba cha mtoto.

Vivyo hivyo yafaa tuseme juu ya desturi moja ya shule za vijijini. Walimu wengi, kwa kukosa rangi, wamepaka mbao zao weusi unaotoka ndani ya mawe ya tochi na redio, uliosagwa na kuchanganywa na majani mabichi. Kwa ubao wa darasa ulio karibu na madirisha makubwa walivumilia. Kwa ukuta ulio hatua mbili kutoka mto wa mtoto, hapana. Weusi ule ni manganizi pamoja na chumvi za zinki, na mawe mengine huwa na sumu zaidi ya hizo. Kila ubao unapofutwa kiasi chake huruka hewani. Masizi ya sufuria na makaa yaliyosagwa hayana sumu ya namna hiyo. Mkaa uliotwangwa, ukachekechwa kwa kitambaa, ukakorogwa katika uji mwepesi wa wanga wa muhogo, hutoa ubao wa kufaa kwa familia isiyo na fedha za rangi, ila ubao huo hufutwa kwa kitambaa kikavu tu, na baada ya miezi michache hupakwa upya.

Rangi ya ubao iliyo tayari huuzwa madukani. Ikikosekana au bei ikizidi mfuko, yaweza kutengenezwa nyumbani. Chukueni rangi ya maji isiyong'aa, nyeusi au kijani kizito, kikombe kimoja, mkaitie vijiko vikubwa viwili vya ule unga wa kujazia viungo vya vigae ambao mafundi huuita grauti. Uwe ule usio na mchanga. Korogeni mpaka madonge yaishe. Unga huo ndio unaoifanya rangi iwe na meno madogo yasiyoonekana ya kuikamata chaki. Rangi tupu, hata ikiwa haing'ai, huifanya chaki iteleze. Una saruji ndani yake, kwa hiyo ukorogwe nje, pua ikiwa imefunikwa, na usichanganywe mwingi kwa mara moja kwani huganda.

Kopo la lita moja hupaka takriban mita kumi za mraba kwa mkono mmoja juu ya ukuta laini. Ubao wa mita mbili kwa mita moja ukipakwa mikono mitatu ni mita sita za mraba, nayo lita moja inatosha na kubakiza ya kutengenezea mikwaruzo. Pigeni uzi uliosuguliwa chaki ili kupata mipaka iliyonyooka, bandikeni utepe wa karatasi wenye gundi pembeni, kisha mpake kwa rola ndogo kuliko kwa brashi, maana brashi huacha mifereji. Mkono wa kwanza uende toka juu kwenda chini, wa pili toka kushoto kwenda kulia, na kati ya mikono hiyo mpitishe msasa mwepesi. Utepe uondolewe kabla rangi haijakauka kabisa. Madirisha yawe wazi, na mtoto asilale chumbani humo mpaka harufu imetoka.

Kisha ngojeni siku tatu. Hii ndiyo sehemu ngumu ya kazi yote, kwa sababu mtoto ataamka alfajiri akiwa na chaki mkononi. Mkimruhusu siku ya kwanza, mistari yake ya kwanza itazama katika rangi ambayo haijakomaa na haitatoka tena. Siku ya nne shikeni chaki kwa ubavu, mpake ubao wote uwe mweupe, kila mahali, halafu muufute kwa kitambaa kikavu. Vumbi hilo hujaza vitundu vya rangi, na kuanzia hapo kila kitakachoandikwa kitafutika. Mkimwachia mtoto mwenyewe kazi hiyo ya kuupaka wote weupe, atapata fidia ya siku alizongoja.

Ikiwa familia yako inakaa katika zile nyumba za mabati za mviringo ziitwazo unipoti, au ikiwa uhamisho ni wa mara kwa mara, acha ukuta ununue plaiwudi. Shiti nzima ina futi nne kwa futi nane. Nusu yake ni ubao wa futi nne kwa futi nne ambao seremala wa kambi atakukatia kwa dakika tano. Unene wa milimita tisa haupindi upesi kama ule wa sita. Ipigwe msasa, ipakwe rangi mbele, nyuma na kingo zote, kwani ubavu usiopakwa hunywa unyevu ukapasuka matabaka. Mabati ya nyumba yenyewe msiyapake: yana mikunjo, hutoa jasho usiku, na jua la mchana huyapasha moto mpaka rangi ikabanduka. Ubao wa plaiwudi hutundikwa kwa waya juu na kufungwa chini ili usimpige mtoto, na siku ya uhamisho huingia lori pamoja na godoro.

Kuhusu chaki hatuna mengi. Ile isemwayo kuwa haina vumbi huwa na vumbi kidogo zaidi, si kwamba haina kabisa. Kwa mtoto mwenye pumu ubao ufutwe daima kwa kitambaa chenye unyevu, na jioni sakafu ipigwe deki badala ya kufagiliwa. Kipande cha muhogo mkavu huandika pia, ingawa panya nao watajua. Mwalimu mzoefu ana hila moja ambayo mama aweza kuiiba: chaki ikiloweshwa katika maji yaliyokorogwa sukari nyingi, mistari inayochorwa kwayo ikikauka haitoki kwa kitambaa kikavu. Kwa hiyo mistari ya kuandikia huchorwa mara moja, mtoto akaandika na kufuta juu yake wiki nzima, na siku mkitaka kuiondoa mwatumia kitambaa kilicholoweshwa.

Tulivyokwisha kuutengeneza, twautumiaje? Hapa namwomba msomaji aniwie radhi nikisema kwa ukali kidogo. Kosa linaloharibu kuta nyingi za namna hii hutoka kwa wazazi wenyewe, hasa wale wanaopenda elimu. Wiki ya kwanza ubao ni wa mtoto. Wiki ya pili baba ameandika jedwali la mara mbili katikati, na ole wake atakayelifuta. Wiki ya tatu mtoto amerudi kwenye ukuta wa jikoni. Ikiwa mzazi ataka sehemu yake, na achore mstari wima, theluthi moja iwe ya somo na theluthi mbili ziwe za mwenyewe. Katika theluthi mbili hizo hakuna kusahihisha. Mtoto akiandika jina lake kinyumenyume, aachwe. Watoto wengi wa miaka mitano hufanya hivyo na huacha wenyewe. Mwombeni awaeleze alichochora, msimwambie ninyi ni kitu gani. Katika ile theluthi ya somo, kweli, aonyeshwe pa kuanzia herufi, kwa kuwa herufi o iliyoanzwa kutoka chini ikizoeleka ni taabu kuing'oa.

Sehemu ya somo yaweza kuisaidia familia ya kambini katika jambo lililo kubwa kuliko jedwali. Tangu mwaka 2007 mtaala wa madarasa matatu ya kwanza nchini Uganda hufundisha kwa lugha ya mahali ilipo shule, lakini kambi haina lugha moja ya mahali. Baba ni Mwacholi, mama ni Mnyankole, jirani ni Mganda, na watoto wote hupigana na kupatana kwa Kiswahili. Andikeni basi neno moja kwa siku katika lugha zote za nyumba: maji, pii, amaizi, amazzi. Mtoto ataona kwa macho yake kwamba amaizi na amazzi ni ndugu, na pii imetoka ukoo mwingine, na atauliza maswali ambayo hayumo mwalimu wa kumjibu isipokuwa bibi yake. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likakubali kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Askari anacho tayari nyumbani. Sharti moja tu: kiandikwe Kiswahili kilichonyooka. Amri za gwaride zatosha uwanjani. Ubaoni iwe kitabu changu na nyumba yangu, wala si kitabu yangu.

Kuna matumizi mengine ambayo hakuna kitabu cha ualimu kilichoyataja. Tangu Machi 2007, wanajeshi wa Uganda walipoanza kupelekwa Somalia, familia nyingi zimejua maana ya baba, na mara nyingine mama, kuwa mbali mwaka mzima au zaidi. Kabla ya kuondoka mzazi huandika neno ubaoni kwa mkono wake, na mtoto huwa hataki lifutwe. Basi liandikwe pembeni juu, ambako kiwiko hakifiki, na kwa chaki ya sukari ili lidumu. Likianza kufifia, mtoto apitishe chaki yake juu ya herufi zile zile. Kufuata mwendo wa mkono wa baba kwaweza kuwa ndilo somo la mwandiko atakalolishika zaidi ya yote.

Lakini yako mambo mawili ya kuangaliwa. Jina la kikosi, mahali alipo mzazi na siku ya safari visiandikwe ubaoni, kwa sababu ubao husomwa na kila apitaye kuomba chumvi. Na siku zihesabiwe kwa kwenda mbele, kijiti kimoja kwa kila siku iliyopita, wala zisihesabiwe kwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya kurejea. Tarehe ya kurejea husogezwa, kila mke wa askari anajua. Mtoto aliyefuta vijiti mpaka kikabaki kimoja, kisha akaambiwa kwamba bado mwezi, hamwamini tena aliyemwambia, wala hauamini ubao. Vijiti vinavyoongezeka havimdanganyi. Kila vitano vifungwe kwa mstari wa kukata, na bila ya kuambiwa atakuwa amejifunza kuhesabu kwa tano tano.

Amri ya uhamisho ikija, ukuta hurudishwa hivi. Uoshwe kwa maji ya sabuni mara mbili, maana chaki iliyosalia huizuia rangi kushika. Upigwe msasa wenye majimaji mpaka meno yake yaishe, upakwe rangi ya msingi mkono mmoja, kisha nyeupe mikono miwili, au mitatu ikiwa chini yake palikuwa peusi sana. Kabla ya kuosha, upigeni picha kwa simu ukiwa na kila kitu kilichoandikwa juu yake, na mtoto akisimama ubavuni ili kimo chake kionekane. Kazi yahitaji siku mbili za jua. Ifanywe kabla mizigo haijafungwa, kwani brashi na rola ni vitu vya kwanza kupotea katika lori.